Shampuu isiyo na salfeti na kichwa chenye mafuta: soma mgongo wa chupa

Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 27, naishi Uyole, Mbeya. Nywele zangu ni za asili, sijaweka dawa tangu 2021. Shida yangu ni ngozi ya kichwa. Nikiosha Jumamosi, Jumatatu kichwa kimeshajaa mafuta, kinawasha, na nikikuna vinabaki vitu vyeupe kwenye kucha. Rafiki yangu aliniambia salfeti, kile kiungo cha kuoshea kinachotoa povu kwenye shampuu, ndiyo inayoharibu, nikanunua shampuu isiyo na salfeti kwa shilingi 28,000. Nyuma imeandikwa maji, halafu Cocamidopropyl Betaine, Decyl Glucoside, gliserini, mafuta ya nazi na mafuta ya shea. Nimeitumia miezi miwili, nywele zinanata na muwasho umezidi. Huwa nasuka twende kilioni nakaa nayo wiki 4, na kila asubuhi napaka mafuta ya nazi kwenye mistari maana baridi inakausha. Je, nimeuziwa feki? Na ipi inanifaa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Asante kwa kuninakilia maandishi ya nyuma ya chupa. Wengi wanaokuja dirishani kwangu wananitajia rangi ya kifuniko tu, nabaki kubahatisha. Kwa ulivyoeleza, sioni dalili kwamba umeuziwa feki. Umeuziwa shampuu pole, ukaipa kazi ya shampuu kali.

Kabla hatujafika dukani, tuulizane kwanza: hayo mafuta ya kichwani ni ya nani? Kila shimo la unywele lina tezi ndogo ya mafuta, na homoni ndizo zinazoiendesha. Ndiyo maana mtoto wa miaka 7 anacheza vumbini kutwa nzima na kichwa chake hakina mafuta, lakini akivunja ungo au kubalehe kinaanza kung'aa. Hayo ni mafuta ya mwili. Mengine ni ya kopo. Wewe unapaka kila asubuhi kwa wiki 4, na kati ya siku hizo 28 sijui ni ngapi umeosha. Mafuta unayoyaona Jumatatu yanaweza kuwa yale uliyoyapaka Jumapili na Jumatatu yenyewe, juu ya mabaki ya mwezi uliopita.

Kuna jaribio moja rahisi. Ukifumua, osha vizuri, kisha usipake kitu chochote kwenye ngozi kwa siku mbili. Hata tone. Asubuhi ya siku ya tatu, gawa nywele katikati ya utosi, chukua kipande cha tishu, kikandamize pale kwenye mstari uhesabu mpaka 10. Kikitoka na alama inayopitisha mwanga kama karatasi iliyofungia maandazi, tezi zako kweli zina bidii. Kikitoka kikavu, mafuta uliyokuwa ukiyalalamikia yalitoka kwenye kopo. Nimewapa akina dada wengi jaribio hili, na wapo waliorudi wakishangaa kwamba walihangaika miaka na tatizo ambalo mkono wao wenyewe ulikuwa unalileta kila asubuhi.

Na mafuta ya nazi kwa hali ya hewa yetu yana jambo lake. Bila shaka umeona yanavyoganda koponi kuanzia Mei. Yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi, yanakuwa meupe na magumu. Kwa mtu wa Tanga au Dar es Salaam si tatizo, lakini Uyole mwezi wa Juni ni nani anayeamka nyumba ikiwa na nyuzi 24? Ukiyapaka, kwenye ngozi yanayeyuka kwa joto la mwili, ila kwenye unywele ulio mbali na ngozi yanaganda tena, yanashika vumbi la kiangazi na nyuzi za kofia ya sufu. Huko kunata unakokulalamikia, sehemu yake kubwa nadhani inatoka hapo.

Halafu kuna hivyo vitu vyeupe. Kwa maelezo yako, muwasho pamoja na magamba laini yanayokaa chini ya kucha, huo ni mba. Watu wengi huku kwetu wanaamini mba ni ukavu, kwa hiyo dawa yake ni mafuta zaidi. Ningetamani kuifuta imani hiyo moja kuliko nyingine zote. Kwenye ngozi ya kila mtu anaishi fangasi mdogo anayeitwa Malassezia. Hawezi kujitengenezea mafuta anayoyahitaji ili aishi, anayala ya kwetu. Anavyoyasaga, anaacha mabaki yanayochokoza ngozi ya baadhi ya watu, nayo ngozi inajibu kwa kuwasha na kubanduka haraka kuliko kawaida. Mafuta ya nazi, ya parachichi, ya nyonyo, yote ya mimea, yanaweza kuwa chakula chake. Mafuta mazito ya mgando yanayotokana na petroli hayali, ila yanakaa juu ya ngozi kama turubai na kuvifunika vyote chini. Basi kila asubuhi ulipokuwa ukidhani unatibu ukavu, huenda ulikuwa unampelekea fangasi kifungua kinywa.

Sasa tuje kwenye salfeti. Rafiki yako hakukudanganya, ila alikupa nusu ya habari. Shampuu yoyote inaosha kwa chembe zenye pande mbili: upande mmoja unapenda maji, mwingine unapenda mafuta. Zinayazunguka mafuta, zinayanyanyua kutoka kwenye ngozi, maji yanaondoka nayo. Salfeti ni ukoo mmoja wa chembe hizo. Ni wa bei nafuu, unatoa povu jingi na unaosha kwa nguvu. Mwenye makali katika ukoo huo ni Sodium Lauryl Sulfate. Huyo hata watafiti wa ngozi humtumia makusudi wanapotaka kuichokoza ngozi ili waipime. Ndugu yake, Sodium Laureth Sulfate, amepunguzwa makali, na ndiye utakayemkuta kwenye shampuu nyingi za madukani. Akina mama wanaotengeneza sabuni ya maji wanamfahamu vizuri, wanamwita slesi, wanamnunua kwa kilo akiwa mzito kama jeli. Zile habari zinazosambazwa kwenye simu kwamba salfeti inaleta saratani hazina msingi. Kosa lake la kweli ni kukausha: unywele wa asili uliosokotana, nywele zilizowekwa rangi, ngozi yenye pumu ya ngozi, hao wote wanaumia ikitumika mara kwa mara.

Nywele zetu zina hali yake, na hapo ndipo ushauri wa kutoka nje unapotupoteza. Kwenye unywele ulionyooka, mafuta ya ngozi yanateleza mpaka nchani. Kwenye unywele uliojikunja kama springi hayafiki. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na ngozi iliyolowa mafuta na ncha zinazokatika kwa ukavu, kichwa kilekile, siku ileile. Unahitaji kitu kinachoosha ngozi kwelikweli bila kuzimaliza ncha. Nusu ya jibu hilo iko kwenye chupa. Nusu nyingine iko kwenye mikono yako, nitaifikia.

Maneno ya mbele ya chupa yaache. Geuza, soma orodha. Viungo vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Cha kwanza karibu siku zote ni maji, yameandikwa Aqua. Cha pili, cha tatu na cha nne ndivyo vinavyokuambia shampuu hiyo itafanya nini.

Ukikuta pale Sodium C14-16 Olefin Sulfonate, ujue haimo kwenye ukoo wa salfeti, kwa hiyo mtengenezaji ana haki ya kuandika kwamba haina salfeti, lakini inaosha kwa nguvu inayokaribia salfeti yenyewe. Kwa mwenye tezi za bidii inafaa. Kwa mwenye ncha kavu isiwe ya kila wiki. Ukikuta Sodium Lauroyl Sarcosinate, Disodium Laureth Sulfosuccinate au Sodium Cocoyl Isethionate, hapo umefika kwenye daraja la kati, na huko ndiko ningekupeleka wewe. Vinaondoa mafuta ya mwili vizuri na haviachi nywele zikilia kama sahani iliyooshwa. Decyl Glucoside na Coco-Glucoside, vikiwa na Cocamidopropyl Betaine tu, ni vipole. Ngozi kavu inavipenda, na mtoto mdogo vinamfaa. Hivyo ndivyo vilivyomo kwenye chupa yako, tena vikifuatwa na nazi na shea. Shampuu hiyo imetumwa kuondoa mafuta ya mwezi mzima huku yenyewe imebeba mafuta mengine mkononi. Haikuweza, si kosa lake.

Jihadhari na mawili. La kwanza, Sodium Coco-Sulfate. Imetokana na nazi, na chupa zake hupambwa kwa majani na neno asilia, lakini ni salfeti kamili, karibu sawa na yule mkali niliyemtaja mwanzo. La pili, mwanangu, linanisumbua zaidi. Siku hizi kuna shampuu za kutengenezwa nyumbani zinauzwa kwenye chupa za kupimia kwa jina la shampuu isiyo na salfeti. Ninawaheshimu wajasiriamali wetu, wengi wanafanya kazi safi. Lakini ukimuuliza muuzaji ametumia nini akakujibu salfoniki, rudisha chupa mezani. Ni kweli salfoniki si salfeti. Ni malighafi ya sabuni ya kufulia na kuoshea vyombo, na ngozi ya kichwa itakauka na kuchubuka. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa hiyo tafuta alama yao, orodha ya viungo na tarehe ya mwisho ya matumizi. Chupa isiyo na orodha siwezi kukushauri juu yake hata kama inanukia vizuri namna gani.

Sabuni ya mche au ya kipande sikushauri pia, ingawa mama zetu walitulea nayo. Sabuni hizo zina uchungu wa magadi, kipimo chake cha pH ni 9 mpaka 10, wakati ngozi inapenda 5.5 hivi. Na kama maji yako ni ya kisima, yale ambayo ukisugua sabuni povu linagoma kutoka, madini ya ndani yake yanaungana na sabuni kufanya utando mweupe unaobaki kichwani. Wengi wanaudhani ni mba.

Kwa hiyo nunua nini? Nitakushangaza kidogo. Chupa ya kwanza kwako kwa mwezi huu iwe ya dawa: shampuu ya ketoconazole ya asilimia 2, utaipata duka la dawa. Nyingi kati ya hizo zina slesi ndani yake. Usiogope. Kwa kichwa chenye mabaki ya miezi na fangasi aliyeshiba, uoshaji huo ndio unaotakiwa, na ni wa muda tu. Kwa kawaida hutumika mara 2 kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4. Kwa nywele za asili kama zako, mara 1 kwa wiki inavumilika zaidi. Siri yake ni muda: ipake kwenye ngozi, iache dakika 3 hadi 5, ndipo uioshe. Wengi wanaipaka na kuimwagia maji papo hapo, halafu wananirudishia chupa wakisema dawa ni feki. Muwasho ukiisha, irudie mara moja kila wiki 2 kwa kuzuia. Kama una mimba au unanyonyesha, mwambie muuza dawa kabla ya kununua.

Chupa ya pili ni ile ya daraja la kati isiyo na salfeti, ya wiki zile usizotumia dawa. Isiwe na mafuta wala shea kwenye viungo vitano vya mwanzo, na isiwe ile ya mbili kwa moja inayojidai kuosha na kulainisha kwa pamoja, maana kilainishi hicho kinabaki kwenye ngozi. Bei haikuambii ubora. Nimewahi kukuta orodha ileile kwenye chupa mbili, moja ikiuzwa mara tatu ya nyingine, zote kwenye rafu moja pale Mwanjelwa.

Tuje kwenye mikono. Shampuu isiyo na salfeti haitoi povu jingi, na mtu aliyezoea povu anaongeza shampuu, anaongeza tena, mwisho anashindwa kuisuuza yote. Usifanye hivyo. Lowesha nywele kwanza mpaka ngozi ipate maji ya vuguvugu. Kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, changanya kijiko kikubwa kimoja cha shampuu na maji mara nne yake, tikisa, kisha pitisha kwenye ngozi mstari kwa mstari. Sugua kwa nyama ya vidole. Kucha zinaweka michubuko, na michubuko inaongeza muwasho. Suuza, rudia mara ya pili. Mara ya kwanza inaondoa mafuta ya juu, ya pili ndiyo inayogusa ngozi, na utaona hapo povu linatoka vizuri zaidi. Urefu wa nywele usiusugue kabisa, povu linaloteremka wakati wa kusuuza linatosha. Kilainishi kianzie katikati ya nywele kwenda nchani, kisiguse ngozi.

Nikushike hapo kwenye suala la mara ngapi, maana najua utaambiwa ukiosha sana tezi zinakasirika na kutoa mafuta zaidi. Tezi inasikiliza homoni, haina habari umeosha lini. Kwa nywele za asili zenye ngozi ya mafuta na mba, mara 1 kwa wiki ni kipimo kizuri. Wiki 4 bila kugusa maji ni nyingi mno kwako. Suka ukipenda, lakini twende kilioni inaoshwa ikiwa kichwani: ile chupa ya mdomo mwembamba inaingia kati ya mistari, unabonyeza kwa ncha za vidole, unasuuza sana, unakausha kwa fulana ya zamani. Msusi wako asikaze mno pembeni mwa uso, ngozi inayowashwa ikivutwa inapoteza nywele haraka.

Naijua baridi yetu. Najua asubuhi ya Julai maji ya bomba yanavyouma vidole, na najua mama yako atakuambia ukiosha nywele utapata nimonia. Nimonia inaletwa na vimelea, haiingii kwa unywele uliolowa, lakini mama hajakosea akitaka ukauke. Kichwa kilichobaki kibichi chini ya kofia usiku kucha kinampa fangasi unyevu anaoupenda. Osha Jumamosi saa 5 asubuhi, jua la kiangazi likiwa limeshapanda, ukae nalo mpaka mashina yakauke. Kofia ya sufu ivae juu ya kitambaa laini cha pamba, na kitambaa hicho ukifue kila wiki. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo ninayoona mba mwingi kuliko mwaka mzima, na nadhani sababu kubwa ni hii: tunapunguza kuosha, tunaongeza mafuta, tunafunika.

Kama ngozi itakubana baada ya kuosha, vumilia siku 2 au 3 za mwanzo, kisha paka mafuta kidogo kwenye nywele zenyewe, kuanzia kidole kimoja juu ya ngozi kwenda nchani. Ya parachichi kutoka Rungwe ni mazuri kwa kazi hiyo, na hayagandi haraka kama ya nazi.

Muwasho usipopungua baada ya wiki 4, nenda kwa daktari wa ngozi. Usisubiri hata hizo wiki kama unaona duara zenye nywele zilizokatikia shinani, maana hayo yanaweza kuwa mapunye, na mapunye yanahitaji dawa ya kumeza, shampuu peke yake haiyamalizi. Vivyo hivyo ukiona usaha, au nywele zinaondoka kwa mabaka. Kama mafuta ya kichwani yameongezeka ghafla pamoja na chunusi, ndevu kidevuni na hedhi isiyo na mpangilio, mueleze daktari yote kwa pamoja, kwa sababu hapo ni homoni zinazotakiwa kuchunguzwa. Na mba ukiwa mkali, umetapakaa ghafla usoni na kifuani, pima afya yote kwa ujumla, virusi vya UKIMWI vikiwemo. Simtishi mtu, nimeona watu waliowahi kupata tiba kwa sababu ya dalili hiyo ndogo.

Jumamosi hii basi: fumua, osha mara mbili kwa shampuu ya dawa ukiiacha zile dakika zake, usipake kitu kwenye ngozi, na Jumatatu asubuhi fanya jaribio la tishu. Niandikie lilivyotoka. Ile chupa ya 28,000 usiitupe. Weka kando mpaka Novemba, mvua zikianza na mba ukiwa umetulia. Ukitoka kuogelea au ukiwa umesafiri kwenye vumbi, iioshee nywele zenyewe ukiiepusha na ngozi. Na kama nyumbani kuna mdogo wako mwenye kichwa kikavu, mpe yeye aanze nayo sasa hivi.